Ubao Ulioachwa Wazi

Ukungu wa Novemba unaposhuka bondeni, kuna kiti kimoja kinachobaki kitupu jikoni mwa kanisa. Ni kile kilicho karibu na jiko, chenye mguu uliofungwa waya. Wanawake wa kahawa ya Jumatano huingia mmoja mmoja, wanakung'uta unyevu kwenye makoti, wanakaa, na hakuna anayekikalia. Ione Skrede huweka kikombe mbele ya kiti hicho, amekifudikiza, kisha anamimina kahawa kwenye vikombe vingine. Hakuna anayeuliza. Wanatazama dirishani, wanaona kilima kimefutika na barabara imeishia penye sanduku la posta, na wote wanajua Ardis Fosseng yuko wapi.

Zamani ukungu wa namna hiyo ungeacha viti vyote vitupu. Bonde zima lilikuwa la tumbaku. Majani yaliyotundikwa kwenye mabani, yale maghala marefu ya kukaushia tumbaku, tangu mwisho wa kiangazi yalikuwa makavu kiasi cha kuvunjika ukiyapumulia, na hayakushushwa mpaka zije siku za unyevu, yalegee, yashikike kama kitambaa. Siku hizo hazikutangazwa na mtu. Baba wa nyumba aliamka, akatoa mkono nje ya mlango, akaurudisha, akasema, "Yamelegea," na nyumba nzima ikatoka. Mazishi yaliahirishwa. Mwaka mmoja bwana harusi alifika kanisani amechelewa na ananuka tumbaku, na bibi harusi, kwa kuwa naye alikuwa ametoka kwenye bani asubuhi ile ile, hakuona kosa.

Sasa hakuna anayelima tumbaku. Anayeufuata ukungu ni Ardis peke yake, na hafuati majani.

Bani la akina Fosseng liko mgongoni mwa kilima, refu, jeusi kwa uzee. Kuta zake ni mbao za wima, na kila baada ya mbao mbili kuna moja yenye bawaba, ya kufunguliwa kuingiza upepo na kufungwa kuuzuia. Selmer Fosseng, baba yake Ardis, aliliendesha bani hilo kama mtu anayepiga kinanda, akifungua huku, akifunga kule, akinusa. "Jani haliharakishwi," alikuwa akisema. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo yalikuwa miongoni mwa machache aliyoyarudia.

Wakati wa kutundika, baba alikaa juu kabisa, karibu na paa. Verlyn, kaka yake Ardis, alisimama katikati, mguu mmoja kwenye boriti hii na mwingine kwenye ile. Ardis alikuwa chini kwenye tela, akiwainulia fito zilizotungwa mashina mabichi ya tumbaku. Utomvu ulimwingia kwenye ngozi, na kila msimu alitapika. Ukubwani alilifanya jambo hilo kuwa mzaha wake. "Lile bani liliula utoto wangu, halafu kutapika nikatapika mimi," alisema, watu wakacheka, na Verlyn akacheka pamoja nao huku akitazama viatu vyake.

Shamba alipewa Verlyn, maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Ardis alipewa vyombo vya mama. Akahamia mjini, mwendo mfupi kwa gari, akapika katika jiko la shule mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuolewa. Alisema walikuwepo wanaume wawili waliomtaka, lakini wote walikuwa watu wa bondeni, na kila mmoja alingoja yeye aseme kwanza.

"Na wewe je?" Ione alimuuliza.

"Mimi nilikuwa nangoja waseme wao."

Udongo uliingia maishani mwake kwa sababu ya Ione huyo huyo, ambaye alitaka kwenda kwenye masomo ya ufinyanzi ya watu wazima na hakutaka kwenda peke yake. Ione alifinyanga kisahani cha majivu ya sigara, akatosheka. Ardis alibaki. Miaka ya kwanza alitengeneza vikombe, na hapana nyumba bondeni iliyonusurika.

"Shoga, hiki umemtengenezea nani?" Ione alisema akikigeuzageuza kimoja. "Kinataka mtu ambaye mdomo wake uko shavuni."

"Mpe Verlyn. Yeye mdomo haufungui, hatajua."

Kisha siku moja kipande bapa cha udongo alichokuwa amekisimamisha kililegea, kikaegemea upande. Akanyoosha mkono akibomoe, mkono ukasita. Kilikuwa kimeegemea kama ghala la akina Nordahl lilivyoegemea miaka yote aliyolipita akienda shule, kabla halijaungua. Akalifinyangia ukuta wa pili. Akakumbuka mlango mdogo wa kutolea samadi, na jiwe lililozuia mlango huo, na mbwa aliyelala juu ya jiwe. Mbwa hakumtia. Vingine vyote akavitia.

Tangu hapo gurudumu la kufinyangia likawa la kuwekea magazeti. Alikata udongo vipande bapa kama seremala akatavyo mbao, akaviunga pembeni kwa uji wa udongo. Mapaa yakawa vifuniko. Minara ya kuhifadhia malisho ya ng'ombe ikawa majagi ya maziwa. Vihenge vya mahindi, vile vyenye nyufa za kupitisha hewa, vikawa vyombo vya kuwekea vitunguu. Hakuvipaka rangi za kung'aa. Alipaka majivu ya jiko na kutu iliyosagwa, na vilipotoka motoni vilikuwa na rangi ya mbao zilizonyeshewa miaka mingi. Na chini ya kila jengo aliacha kipande cha ardhi yake, mteremko kama lilikuwa kwenye mteremko, bonyeo la ng'ombe kama ng'ombe walikuwa wakipita hapo kwenda majini.

Watu walikuja kuyatazama madirishani mwa kanisa, ambako aliyapanga, na wakamgombeza.

"Mlango wetu ulikuwa upande wa barabara," Orrin Nordahl alisema.

"Ulikuwa upande wa kisima, Orrin. Wewe ulikuwa ukitokea dirishani kukimbia kazi, ndiyo maana unaikumbuka barabara."

Orrin alifikiri kidogo. "Basi lilikuwa dirisha," alisema.

Ardis alikuwa na sharti moja. Hakulitangaza, lakini kila mtu alilijua, kama tunavyojua mambo mengi huku bila kuambiwa. Hakufinyanga jengo lililosimama. Lililosimama lina macho ya watu wote, aliona, na lililoanguka lina kumbukumbu yake tu.

Tatizo lake lilikuwa nyufa. Nyumba yake ya mjini ilikuwa na joto la tanuri la mafuta, joto kavu, na vipande bapa vilikauka upande mmoja kabla ya mwingine, vikajikunja, vikapasuka pale pale vilipoungwa. Alifunika kwa matambara mabichi, akafunika kwa plastiki, vikapasuka. Ndipo siku moja, akiwa na ukuta uliopasuka mkononi, alimsikia baba yake kana kwamba yuko juu karibu na paa: jani haliharakishwi.

Hakuomba bani waziwazi. Alikwenda kwa kaka yake Jumapili, akanywa kahawa baada ya kuikataa mara mbili, akatazama kilima kupitia dirishani.

"Lile bani liko tu," alisema.

"Liko," alisema Verlyn.

"Halina kitu."

"Halina."

Wakanywa.

"Mlango wake huwa sifungi," alisema Verlyn.

Hiyo ndiyo ruhusa aliyopewa, na wote wawili waliona imetolewa kwa ukarimu mkubwa. Ardis akatandika mbao kwenye boriti za chini, akaweka majengo yake ya udongo mahali alipokuwa akisimama na fito. Akajifunza upya kufungua huku na kufunga kule. Upepo wa kusini ulipovuma alifunga. Ukungu uliposhuka alifungua kote, akauacha uingie utembee juu ya udongo kama ulivyotembea juu ya majani, na udongo ukalegea sawasawa, nje na ndani, kisha ukakauka taratibu kwa pamoja. Nyufa zikaisha. Akawa anakwenda hata pasipokuwa na kazi, anakaa kwenye ndoo aliyoifudikiza, harufu ya tumbaku ya miaka arobaini bado imo kwenye mbao. Kwa siri ambayo angeona haya kuisema kwa sauti, alikuwa na raha.

Miaka ikapita hivyo. Kisha, Septemba moja, akamkuta kijana ndani.

Alikuwa kijana mpole kutoka mji mkubwa wa Madison, ana pikapu safi na futi ya kupimia. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye mbao kama mnunuzi anayemshika ng'ombe mbavuni.

"Samahani, mama," alisema. "Hizi ni zako?" Alikuwa akionyesha vyungu.

"Hivyo ndiyo. Mbao ni za kaka."

"Mbao hizi huzipati tena popote. Tunazipeleka kwenye mahoteli, zinapigiliwa ukutani. Watu wanapenda kula nyama wakijiona wako shambani."

"Wangekuja shambani," alisema Ardis.

Kijana akacheka. Akasema mzee mwenye shamba alikuwa amemwambia arudi baada ya karamu ya samaki ya kanisa, Novemba, ndipo apewe jibu. Ardis akasema, "Aha." Akafunga mbao mbili za upande wa kusini, ingawa upepo haukuwapo, akarudi mjini.

Hakumwambia Verlyn kitu. Jumapili iliyofuata walikunywa kahawa na kuzungumzia magoti ya Verlyn, ambayo yalikuwa mabaya, na bati la paa la bani, lililokuwa baya zaidi. Verlyn alisema paa lile halitafika majira ya kuchipua. Alisema kisha akamtazama, akangoja. Ardis akasikia ndani ya maneno hayo jambo lililokwisha kuamuliwa. Akasema paa ni paa.

"Mwambie," Ione alimwambia Jumatano, wakiwa wanamenya viazi vya karamu. "Yule ni kaka yako, si askofu."

"Bani ni lake. Baba alimpa yeye. Mimi nilipewa vyombo."

"Na nusu umevunja."

"Anajua ninavyokwenda kule. Kama angetaka libaki, lingebaki."

"Na kama wewe ungetaka libaki ungesema."

"Nitamwombaje mzee mwenye magoti mabovu alibebe paa lote kwa ajili ya vyungu?"

Ione akakitupa kiazi majini. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Kwenye ukoo wenu hata mshindo hausikiki. Siku mtakapokufa nyote wawili, tutakuja kuwauliza kama mmekufa, na mtasema, 'Kidogo.'"

Ardis alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini alipofika nyumbani alichukua donge la udongo, akalipiga bapa juu ya meza, akaanza kulifinyanga bani la Fosseng.

Mikono yake iliijua kazi hiyo kuliko yeye, na hilo lilimwumiza. Alikata mbao moja moja. Alitia boriti ndani, ingawa paa likishawekwa hakuna atakayeziona. Alitia mteremko wa kilima na njia ya matela. Mbao zote zenye bawaba alizifunga, kama zinavyofungwa kazi ikiisha. Moja tu, ya upande wa kaskazini karibu na pembe, aliiacha wazi. Kisha akalipeleka kule kwenye bani lenyewe, akaliweka kwenye boriti, likakauka ndani ya lile ambalo lilikuwa sura yake.

Lilipokauka alilipakata garini badala ya kulipeleka kwenye tanuri la kuchomea vyungu. Alijiambia tanuri halijajaa. Ukweli ni kwamba udongo ukishachomwa hauna marejeo.

Siku ya karamu kanisa lilijaa tangu kabla ya mchana. Samaki mkavu aliyelowekwa magadi akachemshwa mpaka akatetemeka, harufu yake ikapanda hadi kwenye kengele. Kulikuwa na viazi, na lefse, zile chapati laini za viazi, na siagi iliyoyeyushwa. Verlyn ndiye mwenye jagi la siagi kila mwaka, tangu enzi za baba yake. Alipita meza kwa meza akichechemea, na kila mtu akamwambia asimimine nyingi, naye akamimina nyingi.

Alipofika penye madirisha akasimama.

Majengo ya Ardis yalikuwa yamepangwa kwa mstari, ghala la Nordahl, kihenge cha Skrede, mabanda yote ambayo hayapo. Mwishoni, jeupe kidogo kwa kuwa halijaingia motoni, lilikuwepo bani. Ardis alikuwa anapanga vikombe meza ya pili. Alimwona kaka yake akiinama, jagi mkononi.

"Hili ni letu," alisema Verlyn.

"Ndiyo."

"Letu bado limesimama."

"Kwa sasa."

Verlyn alilijua sharti lake kama kila mtu. Akalitazama lile jengo muda mrefu. Akanyoosha kidole.

"Usiguse, kaka. Halijachomwa."

Akakirudisha kidole. Akainama zaidi, magoti yakalia, akatazama kupitia ule ubao ulioachwa wazi.

"Umeuacha wa kitambaa," alisema.

Ubao huo baba yao hakuufunga kamwe, hata siku za baridi. Aliyesimama katikati ya bani aliweza kuona kupitia hapo dirisha la jikoni, chini kule nyumbani, na mama, chakula kikiwa tayari, alitundika kitambaa cheupe dirishani. Verlyn ndiye aliyekiona kwanza, kwa sababu ya mahali aliposimama, na kazi yake ilikuwa kuita. Ardis, chini, hakuweza kukiona. Aliisikia tu sauti ya kaka yake ikisema "Kitambaa," na baada ya hapo hakuna aliyemshushia mkono kudai ufito mwingine.

"Nilidhani unakumbuka kutapika tu," alisema Verlyn.

"Kutapika nakumbuka pia."

"Miaka yote umesema lilikula utoto wako."

"Nilikuwa natania, Verlyn."

"Mimi sikujua unatania." Alisimama wima, polepole. "Nilikuona umekaa mle na baridi, juu ya ndoo, mahali unapopachukia, kwa sababu huna pengine. Nikasema mbao zile zikiuzwa, Orrin atakujengea chumba ubavuni mwa nyumba yako. Chenye joto. Nimeshazungumza naye."

Ardis akaweka kikombe chini. "Chumba chenye joto ndicho kinachopasua."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Hapana," alisema Verlyn. "Sikuuliza."

Walisimama hivyo, wazee wawili, mmoja ana siagi. Pengine palikuwa na maneno mengine ya kusema, na pengine mahali pengine duniani yangesemwa. Ione akapiga kelele kutoka meza ya kati. "Nyie wawili, mnapatana au mnagombana? Huku samaki wanakuwa wakavu mara ya pili kwa kukosa siagi."

"Nakuja," alisema Verlyn. Akaondoka, akarudi hatua moja. "Lile paa," alisema, "linataka bati kabla ya theluji."

"Linataka," alisema Ardis.

Wiki hiyo ukungu ulishuka. Ardis alifika kilimani asubuhi, akasikia nyundo kabla hajaona kitu. Orrin Nordahl na wanaume wengine wa kanisa walikuwa juu ya paa, miguu yao tu ikionekana kwenye weupe. Verlyn alikuwa chini, amekaa juu ya ndoo yake Ardis, akiwaelekeza kwa kidevu. Kijana wa Madison naye alikuwa amekuja kuchukua jibu. Alikuwa amepewa kahawa, amepewa mbao za banda la nguruwe lililoanguka nyuma ya kisima, amepewa na nyundo.

"Banda la nguruwe," alimwambia Ardis, kama asiyeamini bado.

"Wataionaje tofauti wakila nyama?" alisema Ardis.

Alikuwa amekuja na lile bani dogo la udongo, amelipakata tena. Alichota maji kwenye pipa, akajaza karai, akalishusha humo bila sherehe. Verlyn akasogeza ndoo apate kuona. Kwanza vikatoka viputo, mstari mwembamba kutoka kwenye ule ubao wazi. Kisha mbao zikaanza kulainika pembeni, paa likaketi juu ya boriti, kilima na bani vikawa kitu kimoja.

"Limelegea," alisema Verlyn.

"Acha lilale. Kesho nitaukanda udongo."

Kwa udongo huo alifinyanga banda la nguruwe. Verlyn alisema mlango umekosewa, nao wakabishana juu ya hilo mpaka Krismasi.

Ardis Fosseng ana umri wa miaka sabini na tatu. Anaishi mjini nyuma ya shule, katika nyumba ile ile, isiyo na chumba ubavuni. Siku za ukungu yuko kwenye bani, upande wa kaskazini, karibu na pembe.